Nani Anauchora Mji wa Kesho?

Mkoloni alipoichora miji yetu, aliwekea mipaka hata fikra zetu. Bodys Isek Kingelez (1948–2015), aliyepata kuwa mwalimu Kinshasa, aliikataa mipaka hiyo. Kwa karatasi na maboksi alijenga miji mizima ya mfano; mwaka 1994 alikigeuza kijiji alichozaliwa, Kimbembele Ihunga, kuwa jiji lenye maghorofa, stesheni na uwanja wa mpira. Tunamheshimu. Lakini tuseme kweli: katika miji ile hakuna watu. Aliiwaza peke yake, kama vile wataalamu wanavyotuletea ramani zilizokwisha kupigwa mhuri. Gundi na maboksi havikosekani katika tawi lolote. Wauza mboga, wapagazi na vijana wakae pamoja wajenge mfano wa mtaa wao. Ndipo tutakapojua soko linatakiwa liwe wapi, na choo chake.