Nguvu za Misuli Zinapopungua: Kuishi na Baridi Yabisi na Maradhi ya Aina Hiyo katika Nchi ya Chai

Mtu mwenye baridi yabisi, lupasi au mayositisi huanza kupoteza nguvu kabla majirani hawajaona kasoro yoyote mwilini mwake. Vidole vinashindwa kufungua kifuniko cha mtungi, mapaja yanakataa kumwinua kutoka kigodani, na saa nne asubuhi haijafika amekwisha choka. Katika kaunti za Kericho na Bomet nchini Kenya, ambako pato la familia nyingi hupimwa kwa kilo za majani mabichi ya chai, mtu wa namna hii huitwa mvivu upesi sana. Ni dhuluma kumwita hivyo, kwa sababu udhaifu wake una vyanzo vinavyojulikana, na kila chanzo kina dawa yake.

Maradhi haya yote huletwa na kinga ya mwili inayougeukia mwili wenyewe na kuzusha mchochota, yaani uvimbe wenye joto na maumivu usiokwisha. Kemikali zinazomwagika katika damu wakati huo huvunjavunja protini za misuli, na mgonjwa hukonda mapaja na mikono hata akila vizuri. Kiungo kilichovimba nacho hudhoofisha msuli ulio jirani: goti lililojaa maji hupeleka ishara za neva zinazouzuia msuli mkubwa wa mbele ya paja usikaze sawasawa, ingawa msuli wenyewe ni mzima. Kisha mtu akilala kitandani wiki mbili kwa sababu ya maumivu, misuli isiyotumika husinyaa. Dawa pia huchangia. Prednisoloni hutuliza mchochota haraka, lakini ikinywewa kwa kiwango kikubwa kwa miezi mingi hudhoofisha misuli ya nyonga na mabega.

Katika mayositisi hali ni tofauti, kwa kuwa kinga hushambulia misuli yenyewe. Mgonjwa wa baridi yabisi hulalamikia zaidi vidole na vifundo vya mikono, tena pande zote mbili. Mwenye mayositisi huweza kushika kalamu vizuri kabisa, lakini hawezi kuinua mikono achane nywele, kutupia kikapu mgongoni, au kusimama baada ya kuchuchumaa, na mara nyingi hasikii maumivu makali. Kipimo cha damu cha kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli iliyoharibika humsaidia daktari kuutenga ugonjwa huu na udhaifu wa prednisoloni, ambao kwa kawaida haukipandishi. Tofauti hii ni kubwa: mmoja huenda akahitaji dawa zaidi, mwingine apunguziwe.

Baridi ya asubuhi katika vilima hivi, vilivyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, haileti ugonjwa huu, ingawa wengi huamini hivyo. Inachofanya ni kuzidisha kukakamaa. Viungo vya mwenye baridi yabisi hukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, mara nyingi saa nzima au zaidi, na huo ndio wakati ambao wachumaji wako tayari kwenye mistari, majani yakiwa bado na umande.

Kuchuma kwenyewe ni kazi ya vidole vichache. Kidole gumba na cha shahada hubana majani mawili na chipukizi, kifundo cha mkono hujikunja kidogo ili shina likatike, na ngumi ikijaa, bega huinuka kurusha majani kikapuni nyuma ya mgongo. Mwendo huo hurudiwa maelfu ya mara kwa siku, na huangukia hasa viungo ambavyo baridi yabisi hupenda kushambulia. Kuloweka mikono katika maji ya vuguvugu kwa dakika kumi kabla ya kutoka, kisha kuikunja na kuikunjua polepole, hupunguza ugumu. Kuanza saa moja baadaye husaidia zaidi, iwapo inawezekana. Mkulima mdogo anayeuza kwa kiwanda cha KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo, ana nafasi ambayo kibarua wa shamba kubwa hana: kwa kuwa kila kichaka hurudiwa baada ya wiki moja au mbili hivi, anaweza kugawa shamba lake vipande na kuchuma kidogo katika kila siku ya kupima majani. Kikapu nacho kimwagwe kabla hakijajaa, na mzigo wa kwenda kituo cha kununulia ubebwe na mwingine.

Nyumbani nguvu nyingi hupotea katika kazi zisizohesabiwa na mtu. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una uzito wa zaidi ya kilo 20, na njia ya kutoka mtoni karibu kila mara hupanda. Mitungi ya lita 5, miwili kwa safari, huwa salama zaidi kwa viungo hata kama safari zinaongezeka. Mpini wa mwiko au wa jembe ukizungushiwa tyubu kuukuu ya baiskeli huwa mnene, na mkono hauhitaji kuubana sana. Ugali husongwa kwa urahisi zaidi sufuria ikiwa chini ya usawa wa kiuno, ili uzito wa mwili ufanye sehemu ya kazi. Ng'ombe akamwe kwa kiganja kizima badala ya kuvuta chuchu kwa vidole viwili. Nguo nzito zikunjwe kwenye nguzo na kuzungushwa, zisikamuliwe kwa mikono mitupu. Choo cha shimo ndicho humtesa mgonjwa wa mapaja kuliko kitu kingine chochote, na wengi huona haya kukisema. Kiti cha mbao chenye tundu, pamoja na mti imara wa kushikilia uliopigiliwa ukutani, fundi yeyote wa kijijini anaweza kuvitengeneza kwa siku moja.

Madaktari waliwahi kuwakataza wagonjwa wa mayositisi mazoezi wakihofia kuharibu misuli zaidi. Tangu miaka ya 1990 utafiti umeonyesha kwamba mazoezi yanayosimamiwa ni salama na hurudisha nguvu. Wakati ugonjwa umechachamaa, inatosha kukunja na kunyoosha kila kiungo taratibu. Ukishatulia, mgonjwa akae kitini, anyooshe goti na kukaza paja akihesabu hadi tano, mara kumi kila mguu, kisha ajizoeze kusimama na kukaa bila kujishika. Uchovu unaoendelea hadi kesho yake ni dalili kwamba kipimo kimepita. Maharagwe, mayai, omena (dagaa) na mursik (maziwa yaliyogandishwa) huupa mwili protini ya kujenga upya misuli.

Dawa nazo zina masharti yake. Methotreksati, mojawapo ya dawa za maradhi haya, hunywewa mara moja kwa wiki. Kuinywa kila siku kumewahi kuua watu. Prednisoloni haiachwi ghafla, maana mwili uliozoea kidonge huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe. Wenye lupasi, na wenye mayositisi ya ngozi, wavae kofia pana na nguo za mikono mirefu shambani, kwa kuwa jua la ikweta huchochea ugonjwa hata siku yenye mawingu.

Kenya ina wataalamu wachache wa maradhi haya, na wengi wako Nairobi. Hata hivyo uchunguzi wa mwanzo na fiziotherapia vinaweza kuanzia katika hospitali za rufaa za Kericho na Longisa, Tenwek au Litein. Cheti cha daktari kina thamani kazini pia: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi aliyetumikia miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka. Siku hizo hazitoshi kwa ugonjwa wa miaka, kwa hiyo inafaa kuomba mapema kazi nyepesi, kama ya kitalu cha miche au ya mizani.

Zipo dalili zisizongoja siku ya kliniki. Chakula kikipalia au maji yakirudi puani, pumzi ikikatika mgonjwa akiwa amelala chali, shingo ikishindwa kubeba kichwa, mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, au miguu ikifa ganzi pamoja na kushindwa kuzuia haja, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa usiku.