USALAMA WA PANELI ZA UMEME WA JUA NA WAJIBU WA KUZIPIMA

Wakaazi wa Unguja hawajaisahau miezi ya Disemba 2009 hadi Machi 2010, ambapo kisiwa kilikosa umeme kwa kuharibika njia inayouleta kutoka Tanzania Bara. Tokea hapo, thamani ya kuwa na chanzo cha pili cha umeme haihitaji kuelezwa. Hivi sasa paneli za jua zinaonekana juu ya mapaa ya skuli, vituo vya afya, misikiti, mahoteli na nyumba za watu. Manufaa yake yanafahamika; hatari zake hazifahamiki kwa kiasi hicho. Makala haya yanaeleza hatari hizo, na namna ya kuzigundua kabla hazijaleta madhara.

Paneli haizimwi kwa swichi

Umeme wa kawaida ukikatwa kwenye swichi kuu, nyaya za nyumba hubaki hazina nguvu. Paneli haiko hivyo. Maadamu mwanga wa jua unaipiga, inazalisha umeme. Na kuzima swichi iliyo chini hakuuondoi umeme uliomo katika nyaya zinazoteremka kutoka paani hadi kwenye swichi hiyo. Paneli ndogo yenye seli 36 hutoa volti zipatazo 21, ambazo kwa kawaida hazimdhuru mtu. Paneli yenye seli 72 hutoa volti zipatazo 45, na paneli kumi za namna hiyo zikiunganishwa kwa mfululizo hupindukia volti 400. Kiasi hicho kinaua.

Aidha, umeme wa paneli ni wa mkondo mnyoofu, yaani unakwenda upande mmoja tu. Umeme wa gridi ni wa mkondo geu, ambao hufika sifuri mara 100 kwa kila sekunde, na kwa sababu hiyo cheche inayozuka katika kiungio hupata nafasi ya kuzimika. Cheche ya mkondo mnyoofu haipati nafasi hiyo. Huweza kuendelea kuwaka mpaka iyeyushe waya na kushika kitu kilicho karibu. Katika nyumba iliyoezekwa makuti, matokeo yake hayahitaji maelezo. Kwa hivyo, swichi na fyuzi za umeme wa gridi zisitumike upande wa paneli isipokuwa zimeandikwa kuwa zinafaa kwa mkondo mnyoofu na kwa volti zinazohusika. Vilevile, plagi za paneli zisichomolewe wakati umeme unapita.

Chumvi, kivuli na betri

Hewa ya visiwani ina chumvi. Chumvi hula skrubu, viungio na waya wa ardhi, na kiungio kilicholiwa hupata joto. Kwa sababu hiyo, mnunuzi aulize paneli zilizofaulu majaribio ya usalama ya IEC 61730 pamoja na jaribio la ukungu wa chumvi la IEC 61701, na vifungio viwe vya chuma kisichoshika kutu.

Jani au kinyesi cha ndege kikifunika seli moja, seli hiyo huacha kuzalisha na huanza kupata moto kwa nguvu ya zile nyengine. Alama ya rangi ya kahawia juu ya paneli ni dalili ya jambo hilo.

Betri za risasi na tindikali hutoa gesi ya haidrojeni zinapochajiwa. Gesi hiyo ikifikia asilimia 4 ya hewa ya chumba huweza kuripuka. Betri ziwekwe penye upepo, mbali na watoto, na isiwashwe taa ya mafuta wala sigara karibu yake.

Upimaji

Ukaguzi ufanywe angalau mara mbili kwa mwaka: kabla ya mvua za Masika na kabla ya za Vuli. Fundi mwenye sifa afanye yafuatayo:

(i) Kuangalia kioo kilichopasuka, waya uliochunika au kuguguniwa na panya, na kiungio kilichobadilika rangi.

(ii) Kupima volti za kila mfululizo wa paneli. Mifululizo inayolingana idadi ya paneli, chini ya jua moja, hutoa volti zinazokaribiana. Uliopungua una kasoro.

(iii) Kupima uimara wa kihami cha nyaya. Kwa mtambo wa volti 120 hadi 500, kipimo kisipungue megaomu 1.

(iv) Kuhakikisha kuwa fremu zote zimeunganishwa na waya wa ardhi.

Ufuatiliaji

Baina ya ukaguzi mmoja na mwengine, mwenye mtambo aweke daftari. Kila wiki aandike kiasi cha umeme kilichozalishwa na volti za betri asubuhi. Betri ya volti 12 ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma takriban 12.7, ikisoma 12.0 kila asubuhi, inachoka au haichajiwi ipasavyo. Uzalishaji ukishuka ghafla hali ya kuwa jua ni lile lile, fundi aitwe. Katika skuli, vituo vya afya na ofisi za Serikali, inafaa mtumishi mmoja akabidhiwe daftari hilo kwa maandishi, kwani kazi ya watu wote huishia kuwa si kazi ya mtu.

Inapotokea ajali

Paneli iliyovunjika isiguswe, kwani bado ina umeme. Moto ukizuka, wanaokuja kuuzima waambiwe mapema kuwa juu ya paa pana paneli, na waoneshwe nyaya zinapopita. Maji yasimwagwe na mtu asiye na mafunzo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Skrubu iliyoshika kutu hubadilishwa kwa dakika chache. Paa lililoungua, au fundi aliyepigwa na umeme juu yake, ni hasara isiyolipika. Wananchi na watumishi wote wanaombwa kuzingatia maelezo haya.