Mali bila daftari: Jiwe la Mugere nalo lipimwe

WAHENGA walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wafanyabiashara wa mpakani wanaielewa methali hiyo kuliko hata sisi walimu, kwani hakuna anayenunua gunia la dagaa Rumonge bila kuona mizani. Ipo, hata hivyo, mali moja ya mwambao huu ambayo wengi wetu tunaipima kwa macho tu: miamba yetu ya kihistoria.

Mfano ulio karibu ni Jiwe la Livingstone na Stanley pale Mugere, kilomita 12 hivi kusini mwa Bujumbura, upande wetu wa Kabezi. Wasafiri hao walilala hapo kuanzia tarehe 25 Novemba 1871, walipokuwa wakizunguka kaskazini mwa ziwa, na majina yao yamechongwa kwenye mwamba pamoja na tarehe hiyo. Wapo wanaodai kuwa ndipo walipokutana mara ya kwanza, ingawa sisi tuliosoma Tanzania tulifundishwa, na ndivyo ilivyo, kwamba walikutana Ujiji.

Mwamba ulio wazi hupigwa na jua na mvua, hupata nyufa, na msumari wa mgeni mmoja anayetaka kuacha jina lake hutosha kuuharibu. Swali ni hili: ukimeguka kidogo leo, nani atajua mwaka ujao?

Jibu liko katika fotogrametria, yaani kupima kitu kwa picha. Fumba jicho moja ujaribu kutia uzi kwenye sindano; utahangaika, kwa sababu ubongo hukadiria umbali kwa kulinganisha kile kinachoonwa na kila jicho. Kompyuta hufanya vivyo hivyo kwa picha nyingi zilizopigwa kutoka pande mbalimbali. Hutafuta alama zilezile katika kila picha, hukokotoa picha ilipigiwa wapi, kisha hujenga umbo kamili la mwamba. Baada ya mwaka picha hupigwa upya, maumbo mawili yakalinganishwa, na palipomeguka huonekana.

Majirani zetu wametutangulia. Huko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, mwaka 1978 zilipatikana nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu zilizoachwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Mwaka 1979 zilifukiwa kwa mchanga ili zihifadhike, lakini migunga ikaota juu yake na mizizi ikatishia kuzipasua. Katikati ya miaka ya 1990, Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na taasisi ya Getty ya Marekani zilizifukua, zikaondoa miti, zikazipima kwa picha na kuzifukia tena. Nyayo nyingine zilizogunduliwa hapo Laetoli mwaka 2015 nazo zilipimwa kwa njia hiyo. Leo mtafiti anaweza kuchunguza unyayo kwenye kompyuta bila kuugusa.

Kwetu sisi, simu yenye kamera nzuri inatosha kuanzia. Mpigaji auzunguke mwamba polepole, kila picha ikirudia zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia, tena siku ya mawingu ili vivuli visidanganye. Aweke utepe wa kupimia kando, kwani bila kipimo kompyuta haijui kama jiwe lina mita 1 au 10. Programu za bure zipo, mfano Meshroom, ingawa zinadai kompyuta yenye nguvu. Hapo ndipo vyuo vikuu vinapoweza kuzisaidia shule.

Njia hiyohiyo hutumika kufuatilia miteremko inayosogea. Watumiaji wa barabara ya Bujumbura hadi Rumonge hawajasahau Machi 2015, maporomoko ya Gitaza yalipofunga njia.

Ndugu msomaji, sisi tuliorudi kutoka uhamishoni tunaujua uchungu wa alama iliyopotea. Ni wangapi waliofika kwenye shamba la wazazi wakakuta mti wa mpaka umekatwa na jiwe limehamishwa, likabaki neno la huyu dhidi ya neno la yule? Jiwe la Mugere likiharibika bila kumbukumbu, tutabishana hivyo hivyo.

Basi shule zetu, kwa ruhusa ya uongozi wa komine, zipige picha za kwanza kabla ya masika yajayo na kuzihifadhi mahali zaidi ya pamoja. Picha za mwaka kesho hazitakuwa na cha kulinganishwa nacho kama za mwaka huu hazipo.