Gari la Nyumbani: Lishike Kona Barabara, Lisiwachoshe Abiria



Katika nchi hii ya Uingereza gari la familia lina kazi nyingi. Asubuhi hupeleka watoto skuli, mchana huenda sokoni, jioni humfikisha baba au mama kwenye zamu ya usiku, na siku za Idi hubeba watu watano pamoja na sufuria ya biriani kutoka London hadi Leicester au Birmingham kuwazuru jamaa. Barabara zenyewe nazo si za kunyooka. Vipilefti haviishi, mji wa Milton Keynes peke yake una zaidi ya 100. Njia za mashamba zimepindapinda baina ya nyua za miti, na mvua haingojei msimu.

Kwa hiyo malalamiko ni yale yale katika kila nyumba. Gari huinama upande kila likikata kona, mtoto aliyekaa nyuma hutapika, bibi hushikilia mlango kwa mikono miwili, na dereva huona gari linachelewa kuitika anapozungusha usukani. Hapo huzuka mashauri mawili. Vijana husema: lishushwe chini, litiwe springi ngumu na rimu kubwa. Wazee husema: liachwe kama lilivyo, maadamu linafika. Mashauri yote mawili yana kasoro. La kwanza huwaumiza abiria migongo, na mara nyingi halileti faida iliyotarajiwa. La pili huliacha gari lizidi kuchakaa mpaka siku ya mvua na dharura, ambapo hakuna tena nafasi ya kujirudi.

Nini hutokea katika kona

Gari lililo mwendoni hutaka kuendelea kwenda mbele moja kwa moja. Kinachoweza kuligeuza ni matairi tu, na kila tairi hugusa barabara kwa eneo linalokaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Roho zote zilizomo garini zimetegemea viganja hivyo vinne. Nguvu inayotakiwa ili kuligeuza gari huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Anayeingia kona kwa maili 40 kwa saa huyadai matairi mara 4 ya anayeingia kwa maili 20. Hata tofauti ndogo ina uzito wake, kwani kutoka maili 25 kufika 30 ni ongezeko la asilimia 44.

Gari likigeuka, uzito wake huhamia kwenye magurudumu ya upande wa nje, na bodi huinama. Wengi hudhani kuinama huko ndiko kukosa kushika barabara. Sivyo hasa. Gari laweza kuinama sana na bado matairi yake yakang'ang'ania lami, na jingine laweza kusimama wima kama meza huku likirukaruka juu ya mabonde ya barabara, na tairi lililo hewani halina msaada wowote. Kinachotakiwa ni magurudumu yabaki chini, na mwinamo uje taratibu na kwa kiasi, ili dereva aujue na abiria wasitupwe huku na huko.

Wenye kuwakumbuka mashujaa wa mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki wana ushahidi wa jambo hili. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mwaka 1966 na mwaka 1967 akiendesha Peugeot 404, gari lenye springi laini zenye nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Mdogo wake, Peugeot 504, alishinda mwaka 1975 na mwaka 1978, na ndiye yule yule aliyebeba abiria baina ya miji ya Kenya kwa miaka mingi. Hapa Uingereza nako, Colin Chapman, mwasisi wa Lotus, alitoa gari la Elan mwaka 1962 akalipa springi laini na shokapu zilizopimwa vyema. Likasifiwa kwa kukata kona na kwa utulivu wake pia. Basi ulaini na ushikaji wa barabara si maadui wa kuzaliwa.

Anza na kisichogharimu

Jambo la kwanza ni upepo wa matairi. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, aghalabu katika nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Pima tairi likiwa baridi, kabla ya safari. Tairi lenye upepo mdogo hupinda ubavu wake katika kona, na usukani huwa mzito na mvivu. Lenye upepo kupita kiasi hudundadunda, na eneo linalogusa lami hupungua. Kumbuka kwamba baridi ikiingia, kila joto linaposhuka nyuzi 10 za Selsiasi upepo hupungua psi 1 au 2. Tairi lililojazwa sawasawa mwezi wa Agosti halitakuwa sawa mwezi wa Januari. Kibandiko hicho hutoa kipimo kingine kwa gari lililojaa watu na mizigo. Siku ya safari ya Idi ndiyo siku ya kukifuata.

La pili ni mizigo. Mizigo mizito iwekwe chini kabisa katika buti na ikaribie kiti cha nyuma. Sanduku la juu ya paa likishatumika lishushwe, kwani kila ratili iliyopanda juu huongeza kuinama.

La tatu ni dereva mwenyewe. Breki hupigwa kabla ya kona, gari likiwa bado limenyooka, kisha usukani huzungushwa kwa upole, na mafuta huongezwa kidogo kidogo njia inapoanza kufunguka. Kinachomtapisha mtoto zaidi ni mtikisiko wa ghafla: breki katikati ya kona, usukani uliokatwa kwa pupa, na mafuta yaliyokanyagwa kwa kishindo. Hakuna kipuri kinachouzwa dukani cha kutibu mguu mzito.

Kisha matairi

Sheria ya Uingereza inataka kina cha nyuzi za tairi kisipungue milimita 1.6 katika robo tatu za katikati ya upana wake, kulizunguka lote. Hicho ni kikomo cha sheria, na tairi huwa limeanza kupoteza uwezo wake wa kukata maji mapema zaidi. Mafundi wengi hushauri libadilishwe likifika milimita 3. Tazama na umri wake pia. Ubavuni mna tarakimu nne: mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lililosomeka 2317 limetoka kiwandani wiki ya 23 ya mwaka 2017. Mpira uliokaa miaka mingi hukauka, ukawa mgumu na wenye kuteleza, hata kama nyuzi zake bado ni ndefu.

Ununuapo, soma lebo. Ushikaji wa barabara penye maji hupewa daraja kuanzia A hadi E, na lebo hiyo hiyo huonyesha kelele. Tairi zuri la kiasi, kwa ukubwa ule ule uliowekwa na kiwanda, ndilo badiliko litakalohisika kuliko yote, na halimpunguzii abiria raha yoyote. Ama rimu kubwa zenye matairi membamba ubavuni, hizo hupendeza macho. Lakini ubavu wa tairi ndio godoro la kwanza baina ya shimo la barabara na uti wa mgongo wa bibi. Ukinunua mawili tu, waambie wayafunge nyuma, na yaliyotumika kidogo yaende mbele. Gari linaloteleza mbele huonya mapema, lakini linaloteleza nyuma huzunguka kabla mtu hajatahamaki.

Rudisha upya kilichochakaa

Gari la miaka kumi haliendi tena kama lilivyotoka kiwandani, na kwa kuwa huchakaa polepole mwenyewe hatambui. Anza na bushi, vile vipande vya mpira vilivyomo katika mikono ya magurudumu, pamoja na boli jointi na viungo vya usukani. Zikilegea, gurudumu hucheza lipendavyo katika kona, na kila shimo hutoa mlio. Usipoziba ufa utajenga ukuta: bushi ya bei ndogo ikiachwa huja kula matairi ya bei kubwa. Zifungwe bushi za mpira kama za asili, kwani zile za plastiki ngumu huongeza kelele na mtetemo. Na fundi aambiwe jambo moja: boliti za bushi hizo zikazwe mwisho gari likiwa limebeba uzito wake juu ya magurudumu. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira hubaki umejipinda, ukachanika mapema.

Baada ya hapo ni shokapu. Springi ndiyo inayobeba gari, na shokapu ndiyo inayoizuia springi isiendelee kucheza. Ikichoka, gari huyumba baada ya kila tuta, pua huzama ukipiga breki, na tairi huliwa kwa madoa madoa. Inayovuja mafuta sana huliangusha gari katika ukaguzi wa MOT, ambao kwa kawaida huanza gari likitimiza miaka 3, na miaka 4 kwa Ireland ya Kaskazini. Shokapu hubadilishwa mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja. Zichague za kiwango cha kiwanda au zilizo imara kidogo tu. Hapa ndipo wengi hushangaa, maana shokapu mpya hutuliza kona na kulainisha safari kwa wakati mmoja.

Kazi hizo zikiisha, peleka gari likanyooshwe magurudumu. Yakiwa yametazamana vibaya hata kwa kiasi kidogo, gari huvuta upande na tairi huisha ukingoni.

Ikiwa bado unataka zaidi

Ipo stabilaiza, yaani nondo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta kwa pamoja, nondo hii huzunguka tu bila ya kupinga, kwa hiyo matuta ya kawaida hayaongezi ugumu. Gari likiinama upande mmoja, nondo hujinyonga na kuzuia. Ugumu wake hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo: nondo ya milimita 22 mahali pa ile ya 20, ikiwa ni chuma kile kile na umbo lile lile, ni ngumu zaidi kwa asilimia 46. Basi milimita 2 ni nyingi. Katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kuongeza kidogo nyuma hulifanya ligeuke kwa wepesi. Kuzidisha huifanya nyuma iteleze penye mvua. Tena penye mashimo ya upande mmoja, nondo nene hutikisa vichwa vya abiria kushoto na kulia. Fanya kwa kiasi, na kwa fundi anayelijua gari hilo.

Springi ziwe za mwisho kabisa. Na kukata springi kwa msumeno, kama wafanyavyo vijana wengine, ni hatari tupu: inayobaki huwa ngumu zaidi, nafasi ya kusafiri hupungua mpaka gari likagonga vizuizi, na huweza kuchomoka mahali pake gurudumu likining'inia. Wazazi walizungumze jambo hili na watoto wao kabla ya msumeno haujaingia gereji, kwani gari hilo hilo ndilo litakalompeleka mdogo wao skuli.

Tena kuna bima. Kurudishia kipuri cha namna ile ile si kubadili gari. Lakini springi za kushushia, rimu kubwa au stabilaiza nene ni mabadiliko, na kampuni ya bima hutaka kuarifiwa. Aliyenyamaza aweza kupunguziwa au kunyimwa fidia siku ya ajali, na hapo akiba ya miaka ikapotea kwa ajili ya urembo.

Fanya jambo moja kwa wakati, kisha pita barabara ile ile, kwa mwendo ule ule wa halali, ukiwa na watu wako ndani. Waulize waliokaa nyuma, maana wao ndio mahakimu. Ukiona bibi ameuachia mlango na mtoto amelala kabla ya kipilefti cha tatu, fedha yako imekwenda mahali pake.