Sura ya Sita: Tangi Wakati wa Kaskazi

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Februari, Dar es Salaam. Umeme umekatika tangu usiku wa manane, feni imesimama, shuka limelowa jasho. Ukimulika tangi kwa tochi ya simu unakuta samaki wote wako juu. Vinywa viko usawa wa maji, vinafunguka na kufunga, na vifuniko vya matamvua vinakwenda mbio. Mtu akiona hivyo husema samaki wanaungua, akakimbilia barafu. Nami nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza wa kufuga, na kulipokucha walikuwa wamebaki watatu kati ya tisa. Kipimajoto kilisoma nyuzi 31 tu, joto ambalo wangeweza kulistahimili kwa siku kadhaa. Walikufa kwa kukosa pumzi.

Maji kadiri yanavyopata moto ndivyo yanavyoshindwa kushika hewa. Lita moja ya maji ya nyuzi 20 yaliyoshiba hewa ina kama miligramu 9 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 zinabaki 7 na nusu hivi. Linganisha na lita moja ya hewa tunayovuta sisi, yenye zaidi ya miligramu 250, uone samaki anavyoishi kwa riziki ya kubangaiza hata siku ya kawaida. Na joto hilo hilo linalompunguzia hewa ndilo linalomwongezea mahitaji, kwa kuwa kila nyuzi 10 zinapoongezeka, mwili wa samaki hudai oksijeni karibu mara mbili. Bakteria wa kwenye chujio nao wanavuta. Mabaki ya chakula yanayooza chini yanavuta. Mimea, ambayo mchana ilikuwa ikitoa oksijeni, usiku inaila. Ndiyo maana saa ya hatari ni alfajiri, wakati wewe unaona kumepoa.

Samaki wa Ziwa Tanganyika ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Wale Tropheus wanaovuliwa Kigoma na kusafirishwa mpaka Ulaya wamezaliwa kwenye miamba ya ufukweni, mahali mawimbi yanapopiga mchana na usiku na kuyachanganya maji na hewa. Ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470, na maji mengi kiasi hicho hayabadiliki joto kwa haraka. Huku juu wanakoishi ni nyuzi 24 mpaka 28 hivi, mwaka mzima. Ukimtoa humo ukamweka kwenye lita 80 sebuleni, chini ya bati, umempa dunia inayobadilika kila baada ya saa chache. Kambare angejisaidia kwa kuvuta hewa juu ya maji, kamongo vilevile. Tropheus hana kiungo cha kumwezesha.

Tena samaki hao wanataka maji yenye pH ya 8.5 mpaka 9, na hapo kuna hatari ya pili. Taka za samaki hutoa amonia, lakini si amonia yote iliyo sumu kali. Katika maji ya pH 7 na nyuzi 30, sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1. Katika pH 9, joto likiwa lile lile, inakaribia asilimia 45. Kwa hiyo wakati wa Kaskazi wapunguzie chakula nusu, na siku za joto kali usiwape kabisa. Samaki mzima mwenye afya hafi kwa kulala njaa siku mbili.

Sasa tuje kwenye kupoza. Bibi zetu walijua: maji ya mtungi hubaridi kwa sababu mtungi unatoa jasho, na jasho likikauka huondoka na joto. Tangi hupozwa vivyo hivyo. Ondoa kifuniko, elekeza feni ndogo ipulize juu ya uso wa maji. Lita 1 ikigeuka mvuke kutoka tangi la lita 100, inachukua joto la kutosha kushusha zaidi ya nyuzi 5, lau chumba kisingekuwa kinalirudisha. Kwa kweli utapata mbili, pengine tatu. Dodoma mwezi wa Oktoba, hewa ikiwa kavu, utapata zaidi. Tanga au Mombasa, penye unyevu mwingi, utapata pungufu. Maji yanayopungua huacha chumvi zake tangini, kwa hiyo usijazie kwa maji ya kisima cha pwani yenye chumvi. Jazia ya bomba yaliyokaa siku nzima kwenye ndoo wazi ili klorini itoke.

Tangi likiwa wazi samaki wataruka, na hapa naomba unisikilize vizuri. Usilifunike kwa chandarua chenye dawa. Dawa inayotiwa kwenye vyandarua ni ya jamii ya pairethroidi. Binadamu inamdhuru kidogo sana, samaki inamuua kwa kiasi kidogo mno. Dawa nyingi za mbu za kupuliza chumbani ni za jamii hiyo hiyo, na pampu ya hewa huifyonza na kuipeleka moja kwa moja majini. Tumia wavu wa dirisha usio na dawa, na dawa ya kupuliza iache nje ya chumba hicho.

Barafu ina kazi yake, ila iwe ndani ya chupa iliyofungwa, na maji yasishuke zaidi ya nyuzi 1 kwa saa. Mshtuko wa ghafla huwadhoofisha samaki waliokwisha kuchoka.

Umeme ukikatika, fikiria uso wa maji kwanza, maana hapo ndipo hewa inapoingilia. Pampu ndogo ya betri ni kitu cha kununua kabla ya Desemba. Mapovu yake yanafaa hasa kwa kuutikisa uso huo. Kama huna, chukua jagi, chota, inua kiasi cha futi moja, mimina. Fanya hivyo dakika tano, pumzika, rudia. Ndani ya nusu saa utaona samaki wanaanza kushuka mmoja mmoja.

Umeme ukirudi, usikimbilie kuwasha chujio. Likisimama saa nyingi, bakteria wa ndani hukosa hewa, wakafa na kuoza, na maji yaliyolala humo ni sumu. Lifungue, linuse. Kama lina harufu ya yai viza, mwaga yaliyomo, suuza sponji kwenye ndoo ya maji uliyoyachota tangini, maana maji ya bomba yangewaua hata bakteria waliosalia, ndipo uliwashe.