Ngao ya Kimaasai

Ngao ya Kimaasai (kwa Kimaasai: elong'o) ni ngao ya ngozi iliyotumiwa na wapiganaji wa Wamaasai, yaani morani, katika nyika za Tanzania na Kenya. Inajulikana hasa kwa michoro yake, inayoitwa sirata. Michoro hiyo haikuwa pambo tu: ilionyesha mpiganaji ni wa kundi gani na, kwa wachache, kwamba ameonyesha ushujaa mkubwa vitani. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi huilinganisha na elimu ya nembo za ngao iliyostawi Ulaya katika Zama za Kati.

Utengenezaji

Ngao bora ilitengenezwa kwa ngozi ya nyati, ambayo ni nene na ngumu kuliko ya ng'ombe. Ngozi mbichi iliwambwa chini, ikakaushwa, ikakatwa umbo la yai refu lililochongoka kidogo juu na chini. Ukingo wake ulishonewa ukanda, na nyuma ukafungwa mti uliopita katikati toka juu hadi chini. Mti huo uliipa ngao nguvu na ulikuwa pia mshikio. Urefu wa kawaida ulikaribia mita moja, kiasi cha kumkinga mtu aliyeinama dhidi ya mishale na mikuki. Silaha za chuma zilizoambatana na ngao zilifuliwa na wahunzi wa jamii ya Ilkunono.

Rangi na michoro

Rangi kuu zilikuwa nyekundu, nyeupe na nyeusi, pamoja na kijivu. Zote zilipatikana katika mazingira ya wafugaji:

- nyekundu: udongo mwekundu uliochanganywa na damu ya ng'ombe au maji ya tunguja;
- nyeupe: udongo mweupe uliochanganywa na maji;
- nyeusi: mkaa uliosagwa.

Kwa kawaida mstari wa wima uligawa uso wa ngao sehemu mbili. Upande mmoja uliwekwa nusu duara, mistari au maumbo ya kundi la mpiganaji, na mara nyingi upande wa pili ulikuwa na mpangilio tofauti. Morani wa rika moja waliotoka eneo moja walibeba alama zilizofanana. Hivyo katika vumbi la mapigano mtu aliweza kumtambua mwenzake kwa mbali kabla ya kumrushia mkuki.

Alama nyekundu iliyoitwa sirata sambu ilikuwa ya heshima ya pekee. Ilichorwa kwenye ngao ya mtu aliyejulikana kwa ushujaa, na hakuna aliyeruhusiwa kujichorea mwenyewe apendavyo.

Kumbukumbu za maandishi

Mengi yanayojulikana kuhusu sirata yamehifadhiwa katika vitabu viwili vya mwanzo wa karne ya 20. Cha kwanza ni "Die Masai" cha Moritz Merker, ofisa wa jeshi la Kijerumani, kilichotolewa Berlin mwaka 1904. Cha pili ni "The Masai" cha Alfred Claud Hollis, mtumishi wa serikali ya Kiingereza, kilichotolewa Oxford mwaka 1905. Wote wawili waliwauliza wenyeji maana ya alama. Ngao nyingi zilizopelekwa katika makumbusho za Ulaya hazikubahatika hivyo. Ngozi na rangi zimebaki, lakini jina la mwenyewe, rika lake na mahali alipotoka havikuandikwa.

Uwanda wa kati

Nyika ya Wamaasai inapakana na uwanda wa kati wa Tanzania. Kutoka Kiteto na Simanjiro inashuka hadi karibu na Kongwa, katika mkoa wa Dodoma. Wagogo wa eneo hilo walipigana na Wamaasai mara nyingi kwa ajili ya ng'ombe, lakini pia waliiga kwao mambo kadhaa, yakiwemo mapambo ya udongo mwekundu na namna ya kubeba mkuki na ngao. Msafara wa karne ya 19 uliopita Ugogo kuelekea Tabora ulikutana na vijana wenye silaha zilizofanana na za Wamaasai. Haikuwa rahisi kwa mgeni kujua nani ni nani, ila kwa wenyeji alama ilisema.

Kuporomoka

Kati ya mwaka 1890 na 1892 sotoka iliangamiza ng'ombe wa Afrika Mashariki na nyati pia, na ndui ikaua watu wengi. Mwaka 1892 mtafiti Oscar Baumann aliwakuta Wamaasai wenye njaa kali katika eneo la Ngorongoro. Ngozi ya nyati ikawa adimu. Baadaye tawala za kikoloni zilikomesha uvamizi wa mifugo, na ngao ikapoteza kazi yake ya vita. Ngao nyingi zinazouzwa leo kwa watalii huchorwa kumpendeza mnunuzi. Si lazima michoro yake iwe na maana ya zamani.

Ulinganisho na Ulaya

Nembo za ngao zilianza Ulaya katika karne ya 12, wakati kofia za chuma zilipoficha nyuso za mashujaa. Mfano wa mapema ni picha ya kaburi la Geoffrey wa Anjou (alifariki mwaka 1151), yenye ngao ya buluu na simba wa dhahabu. Sababu ya kwanza ni ileile ya Wamaasai: kutambuana. Tofauti ni kwamba nembo ya Ulaya ilikuwa ya mtu na ukoo wake na ilirithiwa na mtoto, lakini sirata ilikuwa ya kundi. Ulaya pia kulikuwa na kanuni ya rangi: dhahabu isiwekwe juu ya fedha, wala rangi juu ya rangi, ili alama ionekane kwa mbali.

Katika sanamu ndogo

Mchezo wa vita wa kutumia sanamu ndogo ulipata umaarufu kwa kitabu "Little Wars" cha H. G. Wells cha mwaka 1913. Wachezaji hupaka rangi sanamu za wapiganaji, nyingi zenye urefu wa milimita 28 hivi, wakifuata kumbukumbu za kihistoria. Anayepaka mashujaa wa Ulaya humpa kila mmoja nembo yake. Anayepaka morani hufanya kinyume: kikosi kizima hupewa sirata moja, na alama nyekundu ya ushujaa huachiwa wachache. Akibadilisha kila ngao ili kuleta uzuri, huwa amefuta maana yake.

Katika nembo za taifa

Ngao ya Kimaasai na mikuki miwili imo katikati ya bendera ya Kenya, iliyopandishwa tarehe 12 Desemba 1963. Nembo ya Tanzania nayo ina ngao, ambayo imebeba mwenge, bendera, jembe, shoka na mkuki, juu ya maneno "Uhuru na Umoja".