Bustani ya Chini ya Mwembe

Katika ofisi na kumbi za hoteli za Ulaya na Marekani, kwenye ile kona ambayo jua haliifikii na hakuna anayekumbuka zamu yake ya kumwagilia maji, mara nyingi utakuta chungu cha mmea mmoja tu. Majani yake ni mazito, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta ya nazi, na yamejipanga huku na huku kwenye vikonyo vinene vinavyochomoza moja kwa moja kutoka ardhini. Wauzaji huuita kwa herufi mbili, ZZ, au kwa jina la kuvutia wateja: johari ya Zanzibar.

Jina hilo si la uongo. Mmea huu ni wa misitu na vichaka vya upande wa mashariki wa Afrika, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, na Zanzibar ni kwao. Hata jina lake la kitaalamu, Zamioculcas zamiifolia, limeficha ndani yake neno la Kiarabu, qulqas, yaani majimbi. Kweli ni jamaa: ZZ na jimbi ni wa ukoo mmoja. Huko Uingereza mmea huu uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1829, katika orodha ya familia ya Loddiges waliokuwa wafanyabiashara wa mimea. Wataalamu wakaubadilisha jina mwaka 1856, wakalirekebisha tena mwaka 1905, kisha ukakaa kando bila wa kuushughulikia mpaka miaka ya 1990, wakulima wa maua wa Uholanzi walipoanza kuuzalisha kwa wingi. Haitakuwa ajabu mtu wa Mjini akanunua chungu kilichotoka Uholanzi, akakipeleka shamba na kukiweka hatua chache kutoka kwenye kichaka alimoota babu wa mmea huo.

Wenzetu wa nchi za baridi wana tabia ya kupenda bustani za kivulini. Mwenye kiwanja chenye miti mikubwa haikati ili apate jua la kupandia mawaridi. Huiacha, na chini yake hukusanya mimea ya msituni, ile inayoishi miaka mingi na kuchipua upya kila msimu. Mmea wa fahari katika bustani hizo ni triliamu, wenye majani matatu na juu yake ua moja la petali tatu. Triliamu nyeupe ndiyo ua la jimbo la Ontario nchini Canada tangu mwaka 1937, na Wazanzibari wanaoishi Toronto hulikuta hata kwenye nembo ya serikali ya jimbo.

Ni mmea unaomjaribu mkulima. Mbegu yake ina kipande cha mafuta ambacho sisimizi hukipenda. Wao ndio huibeba hadi shimoni kwao, wakala mafuta na kuitupa mbegu, na hapo ndipo inapoota. Huchukua majira mawili ya baridi kabla ya jani kuonekana, na tangu mbegu hadi ua la kwanza inaweza kupita miaka saba au zaidi. Kuchuma ua pamoja na majani yake matatu ni kuunyima mmea chakula cha mwaka mzima, na huenda usipone.

Unguja triliamu haiwezi. Inahitaji miezi ya baridi kali ardhini ndipo ijue kwamba wakati wa kuamka umefika, na Unguja hata usiku wa kipupwe joto ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20. Lakini ufundi wake si mgeni. Tangawizi na manjano, ambayo kila shamba la viungo la Kizimbani na Kidichi linayo, hulala vilevile. Tofauti ni kwamba hulala kiangazi. Majani hukauka, mtu asiyejua akadhani mmea umekufa, kumbe tunguu limejifunika udongo likisubiri masika. Iliki nayo, ambayo kwao ni milima yenye misitu ya kusini mwa India, haitaki jua la moja kwa moja, na maua yake hayatafuti mwanga hata kidogo: hutokea chini kabisa, kwenye vitawi vinavyotambaa juu ya udongo, kiasi kwamba mgeni hupita akayakanyaga.

Watu wa nje waliitambua mapema thamani ya mimea ya kivulini ya pwani hii. Mmoja wao ni Sir John Kirk, daktari wa Kiskoti aliyefika Zanzibar mwaka 1866 baada ya kusafiri na Livingstone huko Zambezi, akaishia kuwa balozi wa Uingereza mwenye sauti kubwa katika baraza la Sultani Seyyid Barghash. Historia humtaja kwa mkataba wa mwaka 1873 uliofunga soko la watumwa. Wataalamu wa viumbe humtaja kwa mengine: kima punju wa msitu wa Jozani amepewa jina lake, na pale Mbweni alikuwa na bustani ya kujaribia mimea ya kila namna. Kutoka Zanzibar alipeleka shehena za mimea katika bustani ya kifalme ya Kew, jijini London.

Katika shehena hizo ulikuwamo mmea laini wenye maua mekundu, unaopenda kivuli na maji. Mkuu wa Kew, Joseph Hooker, aliutangaza mwaka 1882 na kuuita Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Neno la kwanza maana yake ni asiye na subira, kwa sababu ganda la mbegu likishaiva hupasuka kwa kuguswa tu na kuzirusha mbegu mbali. Baadaye ilionekana kwamba mmea huo ni uleule uliokuwa na jina la Horace Waller, mmisionari rafiki wa Kirk, na kanuni za majina zikampa Waller ushindi. Sultani akapoteza ua lake kwenye vitabu, ingawa wakulima wengi waliendelea kumtaja. Mmea wenyewe ulienea duniani. Kwa miongo mingi hapakuwa na bustani ya kivulini Ulaya au Marekani isiyokuwa nao, mwekundu, mweupe au wa waridi.

Ng'ambo ya bahari, Tanga, kisa kilikuwa kama hicho. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao mbegu za ua dogo la zambarau lililoota penye miamba na kivuli upande wa Usambara. Mwaka uliofuata likapewa jina la ukoo wake, Saintpaulia, na leo limo madirishani mwa mamilioni ya watu. Kabla yake Kirk alikwisha kupeleka Kew vipande vikavu vya ua hilohilo, na vilevile Mchungaji W. E. Taylor, yuleyule aliyekusanya methali za Waswahili na kuhifadhi tungo za mshairi Muyaka. Vipande vikavu haviuziki, kwa hiyo sifa ikaenda kwa aliyepeleka mbegu.

Isidhaniwe kwamba wenyeji walikuwa wakitazama tu. Mmea wa kivulini wenye heshima kuliko yote hapa hauhitaji cheti cha Kew: ni mkilua. Ni kichaka au mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na ua lake la rangi ya kijani inayoelekea manjano halina umbo la kumshangaza mtu. Kinachomsimamisha mpita njia ni harufu. Wanawake wa pwani wameupanda karibu na nyumba tangu zamani, na vilua pamoja na asumini, mrihani na mkadi ndivyo vinavyotengeneza kikuba, kile kifungu kinachobandikwa nguoni au nyweleni siku ya harusi. Wataalamu wa mimea walichelewa kuutofautisha na jamaa zake. Bernard Verdcourt ndiye aliyeutenga katika jenasi yake mwaka 1970, na wala hakuhangaika kutafuta jina la mfalme au la rafiki. Alichukua neno la Kiswahili kama lilivyo, akauita Mkilua fragrans.

Mtu anayetaka kupanga bustani ya namna hii Unguja aanze kwa kutazama chini. Wakulima wa kisiwa hiki wana majina yao ya ardhi, na majina hayo yanasaidia kuliko kitabu chochote cha bustani cha Kizungu. Upande wa magharibi kuna kinongo, udongo mwekundu wenye kina, ambao ndio uliobeba mikarafuu; hapo tangawizi, iliki na ua la Sultani hustawi. Kinamo hushika maji na kuozesha mizizi, kwa hiyo ZZ itakufa humo kabla ya mwaka. Mashariki na kusini ni uwanda na maweni, matumbawe ya zamani yenye udongo haba uliojibanza kwenye mianya. Huko ndiko wengi hukata tamaa, na ndiko ZZ inakoonyesha ilivyoumbwa. Chini ya ardhi ina kitu kama viazi kilichojaa maji, vikonyo vyake navyo ni vitanki, na ukame ukizidi huangusha vijani vyake na kubaki na vikonyo vitupu hadi mvua. Mwaka 2007 watafiti walieleza kwamba ikikosa maji inaweza pia kufunga vitundu vya majani mchana na kuvuta hewa usiku, kama vile nanasi linavyofanya.

Baada ya udongo, majani makavu. Hapa mwandishi wa makala haya ana ugomvi kidogo na ufagio. Ua uliofagiwa alfajiri hadi ukabaki na mistari ya njukuti ni fahari ya kila nyumba ya Kiswahili, na mbele ya mlango ni sawa. Chini ya mwembe au mfenesi ni hasara, kwa kuwa yale yanayokusanywa na kuchomwa moto ndiyo mbolea ya msitu. Ukiingia Jozani unakanyaga tabaka la majani yanayooza, na unyevu umo humo hata Januari. Anayeacha majani ya mwembe yakae, akaongeza makumbi ya nazi kandokando ili yasipeperuke, atapunguza kumwagilia na baada ya misimu michache atakuwa na udongo mweusi asioununua.

Mji Mkongwe hakuna mwembe wa kutosha, lakini kuna nyumba ndefu zinazotupiana kivuli na viwanja vya ndani ambavyo jua huvichungulia saa sita tu. Zile ngazi za mawe, vibaraza na pembe za ua ni kivuli cha msitu kwa njia nyingine. Ndoo kuukuu au kopo la mafuta la lita 20, likitobolewa chini na kujazwa kinongo kilichochanganywa na mchanga na majani yaliyooza, linatosha. Mchanga wa pwani usitumiwe kabla haujapigwa na mvua za kutosha kuondoa chumvi. Ua la Sultani litataka maji kila siku wakati wa kaskazi. ZZ ikipewa maji hayo itaoza. Wawili hao wasiwekwe chungu kimoja, japo wametoka pwani moja.

Pa kupata mbegu pana masharti yake. Jozani pamoja na Ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2004, na mmea hautolewi humo. Njia ya heshima ni ile ya zamani: kumwomba jirani kipande. Tangawizi na manjano hukatwa tunguu. ZZ hugawanywa vivyo hivyo, mwenye kugawa akinawa mikono baadaye, maana utomvu wake huwasha, na watoto na mbuzi wawekwe mbali nao. Jirani akiwa bahili, hata kijani kimoja kinatosha. Kinachomekwa udongoni upande ule uliokuwa umeshika kikonyo, kinawekwa kivulini, na maji kidogo tu yanatiwa.

Halafu hakuna kinachotokea. Wiki zinapita, mwezi, miezi, na kijani kinabaki vilevile kama kilivyochomekwa. Anayeshindwa kuvumilia akachimbua kwa kidole hukuta kwenye ncha yake kiazi kisichozidi punje ya mbaazi, chenye vijizizi vyeupe, hakijatoa jani hata moja. Hukirudisha, akafukia, akaenda zake.